Tiki ya Jumatano

Tuseme mapema tusije tukapotezeana muda: siku ile mjinga alikuwa Karani. Wapo waliomsingizia mpishi, wapo waliosingizia maharage, na mmoja alithubutu kuusingizia mpira wenyewe, eti uliwarukaruka watu matumboni. Hapana. Mjinga alikuwa Karani, na ubaya wa ujinga wake ni kwamba ulikuwa na mwandiko mzuri.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wenzake wa darasa la sita, kwa sababu alipenda kuandika kuliko kula. Madaftari yake yote yalivikwa majalada, pambizo zilipigwa kwa rula, na kalamu zilijipanga mfukoni mwake kama askari wa gwaride. Timu ya shule ilipocheza, yeye aliketi kando ya uwanja na daftari lake, akaandika nani kafunga, nani kakosa, na nani kaanguka bila kuguswa na mtu. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipotafuta kiranja wa jiko, hakuumiza kichwa. Alimwita Karani ofisini, akamkabidhi bunda la karatasi na msumari mmoja.

Karatasi zile zililetwa na bwana afya, mtu mrefu mwembamba aliyekagua majiko ya shule zote za eneo lile, mwenye mkoba uliofungwa kwa kamba badala ya zipu. Kila siku ya shule ilikuwa na karatasi yake, na kila karatasi ilikuwa na maswali. Maji ya kunywa yamechemshwa? Wapishi wamenawa kwa sabuni? Vyombo vimeoshwa na kuanikwa? Chakula kimefunikwa? Karatasi ya Jumatano ilizidi kwa swali moja, kwa kuwa siku hiyo timu ilifanya mazoezi na kula jioni: chakula cha akiba kimechemshwa tena mpaka kikatoa mapovu, na ilikuwa saa ngapi? Kiranja akishaona kwa macho yake, aweke alama ya vema, ambayo wanafunzi waliiita tiki, kisha aitundike karatasi kwenye msumari mlangoni mwa jiko.

Wiki ya kwanza Karani alikagua kwa bidii ya mtu aliyevishwa kofia mpya. Alichungulia mapipa, akahesabu vifuniko, akamsimamia mpishi akinawa mpaka mpishi akamwuliza, "Karani baba, na makwapa nikuoneshe?"

Mpishi huyo wanafunzi walimwita Mama Mwiko. Alikuwa mama wa makamo, mwenye mabega ya kubeba magunia, na mwiko wake wa kukorogea ulikuwa mrefu kuliko mtoto yeyote wa darasa la kwanza. Alikuwa amepika pale miaka mingi, kiasi kwamba baadhi ya walimu waliokula sasa mezani waliwahi kupanga foleni mbele yake wakiwa na kaptura.

Wiki ya pili bidii ya Karani ikapoa. Wiki ya tatu ukazuka mchezo wa drafti barazani wakati wa mapumziko, wa vizibo vya soda kwenye ubao uliochorwa kwa chaki, na Karani hakutaka kuupoteza kwa ajili ya kutazama watu wakinawa. Ndipo alipofanya ugunduzi. Aligundua kwamba majibu ni yale yale. Ndiyo, ndiyo, ndiyo, kila siku ndiyo. Jikoni kwa Mama Mwiko hapakuwahi kuwa na hapana. Sasa mtu mwenye akili zake atembee kila siku kwenda kuuliza swali ambalo jibu lake analijua?

Basi kila Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Karani alijaza karatasi tano kwa mpigo. Hakuwa mtu wa kulipua kazi, hata kazi ya uongo. Alibadilisha kalamu ili tiki zisifanane kama mapacha. Kwenye ile saa ya Jumatano hakuandika "saa kumi na nusu", maana ingeonekana ya kubuni. Aliandika "saa kumi na dakika ishirini na tano". Karatasi akazificha ndani ya atlasi, na kila siku baada ya kengele ya mwisho akapita mlangoni mwa jiko, akatundika ya siku hiyo, akaenda zake bila hata kuvuta harufu.

Mwalimu mkuu alizishika karatasi hizo mbele ya gwaride la asubuhi. "Tazameni! Hakuna hata neno moja lililofutwa! Laiti wote mngekuwa kama huyu." Karani aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu, unyenyekevu ambao nao ulikuwa umeandaliwa tangu Jumatatu.

Jumatano yenyewe ilianza kama Jumatano nyingine. Saa saba mchana watoto mia nne walikula wali na maharage, wakashiba, wakarudi madarasani kusinzia. Mama Mwiko alikuwa ametenga chakula cha timu: wali kwenye chungu chenye kifuniko kizito, maharage kwenye sufuria ndogo, na vyote akaviweka juu ya makaa. Siku nyingine angebaki mwenyewe mpaka jioni, akaichochea ile sufuria mpaka itokote, tiki iwepo isiwepo. Lakini siku hiyo alikuwa ameomba ruhusa ampeleke mama yake mzazi kupimwa macho. Saa tisa alivua aproni, akamwita msaidizi wake, mama mmoja mpole aliyekuwa na siku tatu tu kazini.

"Sikiliza, mdogo wangu," alimwambia. "Makaa haya yasizime. Vijana wakirudi, tia kuni, maharage yatokote mpaka yaimbe. Karani aone mapovu ndipo aweke tiki. Pasipo tiki usipakue, hata aje mwalimu mkuu na sahani yake mkononi."

"Ndiyo, dada," alijibu msaidizi, na alimaanisha. Kisha akaingia stoo kuchambua maharage ya kesho. Gunia lilikuwa na mawe kama lilitoka machimboni. Aliinama, akachambua, akatupa, akachambua, na huku nje makaa yakageuka majivu kimya kimya. Karani naye alipita mlangoni akielekea uwanjani, akatundika karatasi yake. Hakuna aliyemwona.

Timu ilirudi karibu saa kumi na nusu, ikiwa na vumbi na kelele. Mbele yao alikuwa mwalimu wa michezo, filimbi shingoni, mtu wa haraka ambaye hata salamu aliziitikia akiwa ameshapita. Fainali ya shule za jirani ilikuwa Jumamosi, na tangu Jumatatu hakuongea lingine.

"Shangazi, tupakulie!" golikipa alimwita msaidizi. Kipa, kama walivyomwita, alikuwa na mdomo mkubwa kuliko goli lake. "Tumbo langu limeshaanza kunitafuna mimi!"

Msaidizi alitoka stoo akijipangusa vumbi. "Ngojeni kwanza, wanangu. Hii sijui kama imechemka tena. Mimi nilikuwa ndani huko."

"Kiranja wa jiko si huyu hapa?" mwalimu wa michezo alisema. "Karani! Yamechemshwa?"

Karani aligeuka kuutazama mlango. Karatasi ilikuwepo, imenyooka, safi. Tiki ya mwisho ilikuwa pale, na kando yake: saa kumi na dakika ishirini na tano. Akatazama saa ya ukutani. Saa kumi na nusu kasoro dakika moja. Mambo yalilingana barabara.

Hapa ndipo ujinga ulipovaa suti. Kwa dakika ile, na kwa njaa ile, Karani alisahau kabisa ni mkono wa nani ulioichora tiki ile. Aliiona kama tiki ya mtu makini, mtu aliyekuja, akatazama, akaandika. Watu hudanganywa na matapeli, hudanganywa na ndoto. Yeye alidanganywa na mwandiko wake mwenyewe.

"Yameshachemshwa," alisema kwa sauti ya ofisini. "Saa kumi na dakika ishirini na tano. Imeandikwa."

"Haya, kama imeandikwa," msaidizi alisema, akachukua upawa.

"Mbona ya vuguvugu?" Kipa aliuliza baada ya kijiko cha kwanza.

"Vuguvugu ndiyo nzuri, haiunguzi ulimi," mwalimu alimjibu mdomo umejaa. "Kula, bwana. Jumamosi hatuendi kucheza na ulimi."

Maharage yalikuwa matamu. Hayakunuka, hayakuchacha, hayakuonesha dalili yoyote ya ugomvi. Karani alikula sahani mbili. Mwalimu wa michezo alikula tatu, akakwangua na sufuria.

Kulipokucha Alhamisi, wote waliokula jioni ile walikuwa wameshashika matumbo yao. Wachezaji kumi, mwalimu wa michezo na Karani walijikuta kwenye zahanati moja, kwenye benchi moja, wakitazama mlango mmoja wa choo kwa jicho la uchu. Muuguzi alipita na jagi la maji ya chumvi na sukari, akiwanywesha kidogo kidogo. "Piga funda dogo. Wewe mwalimu, dogo nimesema! Hii si soda."

Wengi walianza kutaniana kabla ya adhuhuri. Ila mchezaji mdogo kuliko wote, winga mwembamba waliyemwita Sindano, hakutania. Alilala kitandani, midomo imekauka, sindano ya kweli ikiwa mkononi mwake na chupa ya maji ikining'inia juu. Mama yake alikaa kando akihesabu matone. Karani alijaribu kutotazama upande ule, na macho yake yakakataa kumtii.

Bwana afya aliwasili na mkoba wake wa kamba. Alizungumza na muuguzi, akaandika majina, kisha akamfuata Karani.

"Wewe ndiye kiranja wa jiko?"

"Ndiyo, bwana."

"Karatasi yako inasema maharage yalichemka upya. Mapovu uliyaona kwa macho yako?"

Swali lilikuwa fupi. Jibu la kweli nalo lilikuwa fupi vile vile, herufi sita tu. Karani alitazama tone likidondoka kwenye chupa ya Sindano.

"Ndiyo, bwana," alisema.

Bwana afya aliandika. "Basi kama yalichemka, ubaya uliingia kwa njia nyingine. Watoto mia nne walikula mchana na ni wazima. Nyinyi mlikula kwenye sufuria yenu peke yenu. Sufuria hiyo huoshwa na nani?"

"Na nani tena?" mwalimu wa michezo alidakia kutoka mwisho wa benchi, uso umemshuka kama tairi lililotobolewa. "Mama Mwiko! Ndiye aliyetenga, ndiye aliyejaza. Nani anajua sufuria ile aliiosha au aliipangusa na kanga? Fainali yetu imekwenda na maji, kwa uchafu wa mtu mmoja!"

Karani alifungua mdomo. Ukatoka mwayo.

Siku ile ile jiko likafungwa kwa kufuli la bwana afya, na Mama Mwiko akaambiwa afike ofisini Ijumaa, aje na funguo za stoo. Habari zikamfikia Karani nyumbani alasiri, akiwa amelala kwenye jamvi chumba cha mbele, ambako baba yake alishonea nguo. Aliletewa na jirani, bila kuulizwa, kama habari mbaya zote zinavyoletwa.

Baba yake alikuwa fundi cherehani wa miaka mingi. Alikanyaga pedeli taratibu, akashona pindo, akakata uzi kwa meno. Akaingia binti mdogo na kitambaa cha maua.

"Shikamoo, fundi. Mama amesema umkatie gauni kama lile la mwaka jana."

"Marahaba. Mwambie mama aje nimpime."

"Amesema kipimo unacho kwenye daftari."

"Ninacho. Cha mwaka jana. Mwambie aje."

Binti alipotoka, Karani aliinua kichwa. "Lakini baba, kipimo si unacho? Kwa nini umsumbue?"

"Daftari linajua alivyokuwa. Futi kamba ndiyo inayojua alivyo leo," baba alisema bila kuinua macho. "Mtu ananenepa, mtu anakonda, mtu anabeba mimba. Nikiandika kipimo kabla hajasimama mbele yangu, gauni nitakuwa nimemshonea nani? Nitakuwa nimelishonea daftari."

Cherehani ikaendelea kunguruma. Karani akageukia ukuta, akaukuta hauna msaada.

"Baba."

"Naam."

"Kama fundi ameandika kipimo bila kupima, na nguo ikaharibika, kisha lawama akapewa muuza kitambaa..."

Pedeli ikasimama. Baba alimtazama mwanawe kwa muda kama anayetafuta mshono uliofumuka.

"Fundi huyo yuko mbali?"

"Yuko humu chumbani."

"Aha." Baba aliukunja ule mguu wa suruali aliokuwa akiushona, akauweka kando. "Basi fundi huyo alale, anywe maji yake ya chumvi. Kesho atakwenda. Nitamsindikiza mpaka getini. Ndani ataingia peke yake, maana mdomo uliosema ndiyo ni wa kwake. Mimi siwezi kumwazima wangu."

Ijumaa asubuhi ofisini kwa mwalimu mkuu palikuwa na watu watano na viti vinne. Aliyesimama ni Mama Mwiko. Funguo za stoo zilikuwa zimelala mezani mbele yake.

"Sufuria ile niliisugua kwa majivu, nikaiosha kwa sabuni, nikaianika juani," alikuwa akisema. "Kama ninavyofanya tangu ninyi mlipokuwa mnakuja kwangu na sahani za bati."

"Nani aliona?" mwalimu wa michezo aliuliza.

"Mwalimu, mtu akioga huita mashahidi?"

Msaidizi, aliyekaa ukingoni mwa kiti, alikuwa na macho mekundu. "Makaa niliyaacha yakafa, saa ngapi sijui, nilikuwa stoo. Nimeshasema. Lakini niliuliza! Niliambiwa yamechemka, karatasi inasema."

"Tatizo ndilo hilo," alisema bwana afya. "Kama yalichemka, basi kosa ni la kabla ya hapo. Na kabla ya hapo alikuwepo mpishi tu."

Mwalimu mkuu alishusha pumzi. Alikuwa mama wa maneno machache, na hayo machache leo yalimkwama. "Mama, unajua tunavyokuheshimu. Ila wazazi wanapiga hodi tangu jana. Itabidi tukuombe..."

Mlango ukagongwa. Karani aliingia na atlasi kifuani, kaishika kama mtu anayevuka mto na mzigo wa chumvi.

"Shikamooni. Hayakuchemka," alisema.

"Nini?"

"Maharage. Sikuyaona yakichemka. Sikuona chochote. Karatasi zote nilizijaza Jumatatu. Nilisema ndiyo zahanati, ikawa uongo. Mama Mwiko hana kosa."

Akafungua atlasi, akatoa karatasi mbili zilizobaki, ya Alhamisi na ya Ijumaa. Bwana afya aliipokea ile ya Ijumaa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti isiyo na haraka. "Maji yamechemshwa, tiki. Wapishi wamenawa, tiki. Vyombo vimeanikwa, tiki." Akavua miwani. "Ajabu ya mwaka. Jiko nililolifunga jana kwa kufuli langu mwenyewe, leo limepika, limepakua, na limeosha vyombo."

Hakuna aliyecheka, ingawa mwalimu mkuu alilazimika kutazama dirishani.

"Kijana, keti," bwana afya alisema, na kwa kuwa viti havikutosha, Karani aliketi sakafuni. "Nikueleze ulichokifanya, maana naona hukijui. Chakula kikiiva ni salama. Kikiachwa kipoe muda mrefu, vijidudu visivyoonekana huamka humo na kuzaana kama vimelipwa. Havinuki, havichachishi, havibadili rangi. Ulimi hauvijui. Ndiyo maana akiba hukaa kwenye moto muda wote, na kabla ya kupakua huchemshwa tena mpaka itoe mapovu. Kikishapoa juu ya majivu kama kile cha juzi, ni cha kumwagwa, hata kama kinatamanisha. Msaidizi aliuliza, na kuuliza ni kazi nzuri. Angejibiwa 'sijui', angeenda kutazama makaa na kumwaga chakula. Tiki yako ndiyo iliyomjibu. Karatasi tupu ingewaokoa wote. Karatasi iliyojaa uongo ndiyo iliyowalaza."

Karani aliifunga atlasi. Mwalimu mkuu alizivuta zile karatasi mbili.

"Na mimi nina langu," alisema polepole. "Nilizisifu karatasi hizi mbele ya shule nzima kwa sababu hazina neno lililofutwa. Jikoni sikuwahi kuingia hata siku moja kulinganisha. Aliyedanganya ni mtoto, aliyefurahia kudanganywa ni mimi." Akazisukuma funguo juu ya meza. "Mama, tuwie radhi. Chukua funguo zako."

Mama Mwiko alizichukua, akazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akamtazama Karani pale sakafuni. "Umenipaka masizi kwa kalamu ya buluu, baba. Sijawahi kupakwa hivyo tangu nizaliwe."

"Nisamehe, mama."

"Nitakusamehe Jumatatu, jikoni, ukishanawa mikono. Mimi ni mtu wa kuona kwanza."

Mwalimu wa michezo alikohoa. "Samahani, kwani huyu ataendelea kuwa kiranja wa jiko? Tumkabidhi fisi bucha kwa mara ya pili?"

"Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka," Mama Mwiko alisema. "Mwachieni mimi. Huyu sasa hata kuandika jina lake atajipapasa kwanza."

Ikakubaliwa hivyo, kwa masharti. Karani akaenda mwenyewe zahanati kumwomba radhi Sindano, ambaye alikuwa ameshaketi na kudai chakula, dalili njema kuliko zote. Mama yake Sindano alimsikiliza Karani mpaka mwisho, akamwambia neno moja tu: "Usirudie." Lilikuwa zito kuliko viboko kumi.

Jumamosi timu ikaingia fainali ikiwa na wachezaji wa akiba na beki mmoja aliyecheza kwa viatu vya kaka yake. Walifungwa manne kwa bila. Kipa, aliyekuwa bado hana nguvu za kuruka, alisogea kando ya uwanja alikoketi Karani. "Andika na hili, bwana mkubwa. Nne. Au ulishaliandika Jumatatu?" Karani aliandika. Kila goli aliliandika baada ya kuliona likiingia.

Jumatano iliyofuata Mama Mwiko alikuwepo. Saa kumi na nusu timu ilipovamia jikoni na vumbi lake, sufuria ndogo ilikuwa juu ya moto, ikifuka mvuke, na Karani amesimama mbele yake mikono misafi, karatasi mkononi, kalamu nyuma ya sikio. Jasho lilimtiririka. Swali la mwisho kwenye karatasi lilikuwa bado jeupe.

"Karani, weka tiki tule!" mwalimu wa michezo alisema. "Mvuke si huo?"

"Mvuke upo, mwalimu. Mapovu bado."

"Mapovu yatakuja wakati tunapakua."

"Yakija nitaandika."

Wachezaji wakaguna. Kipa akajitupa chini akajifanya amekufa njaa, na Sindano akamkalia. Mwalimu alimgeukia Mama Mwiko, akaupanua mkono kama wakili mahakamani.

"Mama, hebu ongea na huyu. Vijana wamekimbia tangu saa tisa. Chakula ki tayari, sufuria i motoni tangu mchana, umeisimamia mwenyewe. Sasa tupange foleni dakika ishirini nzima tukitazama maharage yapige mapovu? Kwa faida gani?"

Mama Mwiko aliendelea kukoroga. Hakuinua hata jicho.

"Foleni lazima, mwalimu. Wewe chagua tu: hapa jikoni dakika ishirini, au kule chooni siku mbili."